Waraka Uliofungwa na Haki ya Dola Kuufungua

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mwenye kuyajua ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika darsa zetu za hapa Konde, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, suali moja limekuwa likirejea mara kwa mara, na huletwa na wazee na vijana sawasawa. Huulizwa hivi: "Sheikh, serikali ikitaka kuyasoma yaliyomo ndani ya simu ya mtu, je, ina haki? Na yule aliyewekewa amana ya maneno ya watu, akiamriwa ayatoe, afanye nini?" Suali hili linamgusa kila mwenye simu, na leo hapana nyumba isiyo na simu. Kwa hiyo tumeona tuliandikie makala, tueleze kwanza jambo lenyewe lilivyo, kisha tutazame sheria zetu zinasemaje, kisha tuyapime yote hayo kwa mizani ya dini.

WARAKA WA MKONO NA WARAKA WA SIMU

Wazee wetu wanakumbuka namna habari zilivyokuwa zikisafiri. Mwenye jamaa yake Tanga, Mombasa au Maskati aliandika waraka, na asiyejua kuandika alimwendea mwalimu wa chuoni akamwandikia. Waraka ulikunjwa, ukafungwa, akapewa msafiri wa chombo. Msafiri yule hakuufungua. Ndani yake huenda mlikuwa na habari ya posa, ya deni, ya maradhi au ya mgogoro wa mirathi, na yeye alijua kwamba alichokabidhiwa ni karatasi iliyofungwa na kwamba amana yake ni kuifikisha ikiwa imefungwa vivyo hivyo. Mchukuzi aliyejulikana kuwa hufungua nyaraka za watu hakupewa tena.

Leo mambo yaleyale ya posa, deni, maradhi na mirathi yanapita katika simu. Mama wa Konde humpelekea mwanawe aliyeko Oman maneno kwa sauti, naye akajibiwa kabla chai haijapoa. Mchukuzi wa waraka huo ni kampuni ya simu na kampuni yenye programu. Tangu Aprili 2016, WhatsApp imeweka utaratibu wa kuyafumba maneno ya watumiaji wake wote kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Maana yake ni kwamba maneno hufungwa ndani ya simu ya mwenye kupeleka kwa kufuli ambayo ufunguo wake umo katika simu ya mwenye kupokea peke yake. Njiani yanapita yakiwa mkorogo wa herufi usiosomeka, na hata kampuni yenyewe haina ufunguo.

Hapa ndipo ulipoanzia ugomvi baina ya dola na makampuni katika nchi nyingi. Zamani askari akimwendea mchukuzi na kumwamuru atoe waraka, mchukuzi aliweza kuutoa. Leo mchukuzi husema: waraka ninao, lakini siwezi kuufungua. Serikali kadhaa zimejibu kwa kutaka pawepo ufunguo wa ziada utakaokaa mikononi mwao, au mlango wa nyuma ambao wao watauingilia.

YALIYOTOKEA KWETU

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwezi Aprili 2015, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Sheria hiyo, isipokuwa kifungu kimoja tu, inatumika Bara na Zanzibar, kwa hiyo inamhusu mtu wa Konde kama inavyomhusu mtu wa Dar es Salaam. Kifungu chake cha 32 kinampa askari mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa cheo kinacholingana naye, uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa zinazohitajika katika upelelezi wa kosa la jinai azitoe. Amri hiyo haihitaji kuanzia kwa hakimu. Na kifungu cha 22 kinamhukumu kwa faini au kifungo yule anayekataa kuitii.

Jambo hili lilipata mtihani wake mapema. Tarehe 13 Disemba 2016 alikamatwa Bwana Maxence Melo, mmoja wa waasisi wa JamiiForums, uwanja wa mtandaoni ambao watu huandika na kujadiliana humo, wengi wao bila ya kutaja majina yao. Polisi walikuwa wametaka wapewe taarifa za baadhi ya walioandika humo, wakiwemo waliotoa tuhuma za ufisadi. Yeye na wenzake hawakuzitoa. Alifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, na mashauri yake yakachukua miaka. Moja lilimalizika Juni 2018 kwa kuachiwa huru. Katika jingine, tarehe 8 Aprili 2020, alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka 1.

Baada ya hapo yamekuja mengine. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN, yaani programu zinazoificha njia ya mtu katika intaneti, wajieleze kwake kabla ya mwisho wa mwezi huo. Na kwa upande wa kheri, ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na ikaundwa Tume ya kuisimamia. Sheria hii ni hatua njema, ingawa nayo imeacha nafasi kwa mambo ya usalama wa taifa na ya upelelezi wa makosa.

Ndugu zetu walioko Ghuba wameyaona hayo pia. Mwezi Agosti 2010 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangaza kwamba utazifunga huduma za simu za BlackBerry, kwa sababu maneno yake yalikuwa yamefumbwa na kuhifadhiwa nje ya nchi, mahali ambapo mkono wa serikali haufiki. Saudia nayo ilitoa tishio kama hilo. Mwezi Oktoba Imarati ilisema kuwa kampuni imekubaliana na masharti, na huduma zikaendelea. Watumiaji hawakuelezwa kwa uwazi ni kitu gani kilichokubaliwa. Wao waliendelea kuandika, wasijue ni nani mwingine anayesoma.

DINI INASEMAJE

Ndugu katika imani, Qur-ani imelikataza jambo hili kwa tamko la wazi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) amewakataza waumini kupelelezana, na akalitia katazo hilo baina ya dhana mbaya na kusengenya. Wanavyuoni wamelizingatia sana pangilio hilo: mtu huanza kwa kumdhania mwenzake, dhana ikamsukuma kuchunguza, na alichokiona katika kuchunguza akaenda kukisema. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ya nyumba ya Mtume (S.A.W.). Mtume alimkemea vikali, na akabainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Yule mtu hakuwa ameingia wala kuchukua kitu. Alitazama tu, na kutazama kwenyewe kukahesabiwa kuwa ni kuivunja nyumba. Kuhusu waraka hasa, Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) onyo kali kwa mwenye kutazama waraka wa ndugu yake bila ya idhini yake. Uaminifu wa elimu unatulazimu tuseme kwamba Abu Daud mwenyewe ameeleza kuwa njia za hadithi hiyo ni dhaifu, lakini maana yake imeshikwa na dalili nyingine zilizo sahihi.

Na wala katazo hili haliwahusu raia peke yao. Abu Daud amepokea pia kutoka kwa Muawiya (R.A.), ambaye alikuja kuwa mtawala, kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akimtahadharisha kuwa mwenye kuzifuatilia aibu za watu huwaharibu, au hukaribia kuwaharibu. Tazama hekima iliyomo humo. Mtawala anayewapeleleza watu wote hudhani kwamba anawatengeneza. Matokeo yake ni kwamba mwema hujifunza kuogopa, mbaya hujifunza kujificha zaidi, na baina ya jirani na jirani ikaingia shaka isiyotoka.

Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) ametaja katika kitabu chake cha Ihyaa kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.). Alipanda ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi. Mtu yule akamwambia kwamba ikiwa yeye amemuasi Allah kwa jambo moja, basi Amirul Muuminina amemuasi kwa matatu: amepeleleza, ameingia pasipokuwa mlangoni, na hakuomba ruhusa wala kutoa salamu. Umar akamwacha, baada ya kumshurutisha atubie. Mkuu wa dola iliyokuwa imeenea Sham, Iraq na Misri alinyamazishwa na mtu aliyekamatwa na kosa, kwa sababu njia aliyomfikia haikuwa halali.

WARAKA WA HATIB

Hata hivyo, ndugu msomaji, haitakuwa insafu tukisimama hapo. Dola ina wajibu wa kuwalinda watu. Wapo wanaoteka nyara, wapo wanaowaingilia watoto na kuzisambaza picha zao, wapo wanaopanga mauaji, na wote hao hutumia simu zilezile tunazotumia sisi. Mwenye kusema kwamba dola haina haki ya kufungua waraka wowote katika hali yoyote, anaipinga Sunna pia.

Mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akijiandaa kwenda Makka, Hatib bin Abi Baltaa (R.A.) aliwaandikia siri Makureshi kuwapasha habari. Mtume akawatuma Ali, Zubeir na Miqdad (R.A.) waende mahali panapoitwa Raudhat Khakh, wakamkute mwanamke aliyeuchukua waraka huo. Alikana, wakamshikilia kwa maneno makali, akautoa katika misuko ya nywele zake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Tukitazame kisa hiki kwa makini, kwa sababu ndani yake mna jawabu ya suali letu. Mtu anayetafutwa alijulikana. Waraka unaotafutwa ulijulikana. Hatari ilikuwa kubwa na ya karibu, kwani damu ya jeshi zima ilikuwa mashakani. Kisa hakitaji msafiri mwingine aliyepekuliwa kwa ajili ya waraka huo, wala watu wa Madina hawakuamrishwa kuanzia siku ile waandike nyaraka zao bila ya kuzifunga. Na waraka ulipopatikana, Hatib aliitwa akaulizwa, akaachiwa ajieleze, Mtume (S.A.W.) akamsadiki, na Umar alipotaka adhabu kali akazuiwa kwa kukumbushwa kwamba Hatib ni mtu wa Badr.

Kisha tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) aliujua waraka ule kwa wahyi. Mkuu wa polisi wa leo hateremshiwi wahyi. Kwa hiyo haja yake ya ushahidi kabla ya kupekua ni kubwa zaidi, na haja ya kuwepo mtu mwingine wa kuupima ushahidi huo ni kubwa zaidi pia.

Wanavyuoni wa fiqhi wamelifuata njia hiyo. Imam Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), alipoandika juu ya mipaka ya msimamizi wa maadili ya umma, alisema kwamba hana ruhusa ya kupeleleza yaliyofichika. Akaitoa hali moja: atakapopata habari kutoka kwa mtu mkweli na wa kuaminika kuwa, kwa mfano, mtu amejitenga na mwenzake ili amuue, jambo ambalo likishapita halirekebishiki. Hapo tu ndipo alipomruhusu kuchunguza.

UFUNGUO MMOJA WA MILANGO YOTE

Kutokana na haya tunaona tofauti baina ya mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kumwendea mtu fulani, kwa tuhuma fulani, yenye dalili, na kwa amri ya hakimu, ili kuipekua simu yake, ni jambo lenye asili katika sharia. Ama kutaka kila kufuli nchini itengenezwe kwa namna ambayo dola inaweza kuifungua wakati wowote, hilo ni kumpekua kila msafiri kwa sababu ya Hatib mmoja.

Na lina hatari nyingine ambayo mafundi wameieleza na matukio yakaithibitisha: mlango wa nyuma haumjui anayeingia. Huko Ugiriki, baina ya mwaka 2004 na 2005, watu wasiojulikana walizisikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis. Waliingilia kwenye kifaa kilichokuwemo katika mitambo ya kampuni ya Vodafone, kilichowekwa kwa ajili ya usikilizaji wa kisheria. Marekani nayo, mwaka 2024, iligundua kuwa wadukuzi wanaohusishwa na Uchina wameingia katika makampuni makubwa ya simu, yakiwemo AT&T na Verizon, na kufikia hata mitambo inayotumika kutekeleza amri za mahakama za kusikiliza simu.

Hapa pana mazingatio. Mwaka 2016 Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, ilitaka mahakama iilazimishe kampuni ya Apple kutengeneza programu ya kusaidia kuifungua iPhone ya mtu aliyeua watu San Bernardino. Apple ilikataa kwa hoja kwamba chombo hicho kikishatengenezwa hakitabaki kwa simu moja, na shauri likaondolewa baada ya FBI kupata njia nyingine. Miaka minane baadaye, Disemba 2024, kutokana na udukuzi ule tulioutaja, maafisa wa serikali hiyohiyo, akiwemo wa FBI, waliwashauri wananchi wao watumie mawasiliano yaliyofumbwa. Uingereza nayo ilitaka kufikia taarifa zilizofumbwa za watumiaji wa Apple, na Februari 2025 kampuni hiyo ikaamua kuiondoa huko huduma yake ya ulinzi wa juu kuliko kutengeneza mlango. Waliopoteza ni watu wa kawaida, ambao hawakutuhumiwa kwa lolote.

TUNASHAURI NINI

Kwanza, kwa viongozi wetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 16 na ya 18, imeihifadhi faragha ya mtu na uhuru wa mawasiliano yake. Tunanasihi kwamba amri ya kutoa taarifa za watu ipitie kwa hakimu kabla ya kutekelezwa, isipokuwa pale ambapo roho ya mtu iko hatarini na muda hautoshi, na hapo hakimu aelezwe mara moja baadaye. Anayepeleleza asiwe ndiye anayejiandikia ruhusa. Amri imtaje mtu na itaje kosa. Na yatakayoonekana humo yasiyohusiana na kosa hilo, kama maradhi ya mtu au mambo ya mkewe, yasitiriwe.

Pili, kwa wenye kuwekewa amana, wawe wenye makampuni, waganga, masheha au wasimamizi wa makundi ya simu. Amepokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba maneno ambayo mtu anayasema huku akigeuka kutazama nani anasikia, hayo ni amana. Msiyatoe kwa kila anayekuja na sauti kubwa. Takeni muoneshwe amri iliyoandikwa, ulizeni ni kosa gani linalopelelezwa, na tafuteni ushauri wa mwanasheria. Na mwenye kuikataa amri kwa kuilinda amana ajue kwamba njia yake ni mahakamani, na kwamba huenda akalipia, kama tulivyoona.

Tatu, kwa familia zetu. Kufumbwa kwa maneno hakumaanishi kwamba mmefichika na kila kitu. Kampuni hubaki na habari ya nani alizungumza na nani, na wakati gani. Nakala za akiba zinazowekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni huenda hazikufumbwa mpaka mwenyewe aiwashe sehemu hiyo katika programu yake. Simu isiyo na kufuli ikiokotwa imesomwa. Na aliyemo ndani ya kundi anaweza kulipeleka neno lenu popote. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mara nyingi kata ndiyo iliyoitoa. Wekeni kufuli, na msimpe mtu yeyote namba za siri mnazotumiwa, hata akijitambulisha kuwa ni mtumishi wa kampuni.

Nne, tuanzie majumbani mwetu. Haitupasi kuilaumu dola kwa kuchungulia, ilhali mume huichukua simu ya mke wake usiku akaipekua, au jirani huomba simu ya jirani apige mara moja kisha akafungua na picha. Mzazi ana ulezi juu ya mtoto mdogo, na ulezi huo ni haki yake, lakini autekeleze kwa kumwambia mtoto wazi kwamba anamwangalia na kwa sababu gani.

Na mwisho, kufuli isiwe pazia la kumzulia mtu. Anayekaa nyuma ya jina la bandia akavunja heshima za watu anaifanyia uadui haki ileile inayomlinda, kwani kila uongo wa namna hiyo huwapa hoja wanaotaka kufuli zote zivunjwe. Abdullahi bin Masud (R.A.) alipoletewa habari za mtu anayedaiwa kunywa ulevi, alijibu kwamba wamekatazwa kupeleleza, lakini likiwadhihirikia jambo watalishika. Huo ndio mpaka: lililodhihiri lina hukumu yake, na lililofungwa lina mlango wake, na mlango huo hubishwa kwanza.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusitiri aibu zetu, awape viongozi wetu uadilifu katika wanayoyajua na kujizuia katika wasiyohitajia kuyajua, na atufanye sote wenye kuzifikisha amana kwa wenyewe zikiwa kama tulivyokabidhiwa. Wabillahi tawfiq.